Birimbi ni la achari na mchuzi, sio la kublendi na kunywa glasi nzima

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi gazetini kwako, najua barua ni ndefu ila naomba usiikate sana maana hili jambo linahusu figo za watu na sioni mtu analisema.

Hapa Tanga tangu mwezi uliopita kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka sauti ya mtu, jina hajitaji, anasema chuma mabirimbi mabichi, yablendi bila maji, chuja, kunywa glasi nzima asubuhi kabla hujaweka kitu tumboni. Anasema sukari itashuka, presha itashuka, mafuta kwenye damu yatayeyuka na tumbo litapungua. Ufanye hivo wiki mbili bila kuruka siku. Halafu mwisho anasema watumie watu kumi unaowapenda, na watu wanatuma kweli, mimi nimeletewa na ndugu, na majirani, na hata mteja wangu wa achari mmoja ambae ni mtu msomi tu.

Nisingeandika kama ingeishia kwenye simu. Lakini juzi kaja mzee wetu wa mtaani, mtu namheshimu sana, kaja na ndoo ya lita kumi. Nyumbani kwetu uani tuna mbirimbi mkubwa na mtaa mzima unajua, mtu akitaka mawili matatu ya mchuzi anapita anachuma, hatujawahi kumkatalia mtu. Nikamuamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akaniambia, "Mwanangu, leo nataka nijaze ndoo." Nikadhani ana shughuli, labda kuna harusi wanataka achari. Akasema hapana, mama watoto kanunua blenda, anaanza dawa kesho asubuhi. Na huyu mzee ana sukari ya miaka mingi, miguu inamvimba, mwenyewe alishawahi kutuambia kwamba kliniki walimwambia figo zake ziangaliwe. Nikamkalisha kwenye mkeka tukaongea mpaka adhana ya alasiri. Ndoo alirudi nayo tupu, alibeba mabirimbi machache tu ya mchuzi wa changu, na tukabaki vizuri. Ila nikajiuliza mtaa mwingine ambako hakuna wa kumkalisha mtu kwenye mkeka inakuaje.

Sasa kwa wale wa bara ambao pengine hamuujui huu mti niueleze kidogo, maana ni mti mzuri na sitaki barua hii ionekane naupiga vita. Mbirimbi ni mti mdogo, mita tano mpaka kumi hivi, shina fupi halafu matawi yanapanda juu. Majani ni marefu, kila jani moja lina vijani vidogo vingi pande mbili, na yamejikusanya huko kwenye ncha za matawi. Maajabu yake ni kwamba maua hayatoki kwenye ncha, yanatoka kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene yaliyozeeka, unakuta gome kavu la kijivu limetoa vishada vya vijiua vidogo vyekundu vya zambarau vyenye kaharufu katamu, ukisogeza pua unakasikia. Wiki chache baadae pale pale kwenye shina yananing'inia mabirimbi, mengine chini kabisa mtoto wa miaka mitatu anayafikia. Tunda lenyewe urefu wa kidole au kuzidi kidogo, kijani, limeng'aa, ganda jembamba sana, ukilishika unahisi pembe tano kwa mbali, na kwenye kikonyo kuna kinyota kidogo kinabaki. Likiiva linakuwa la njano njano, linalegea, linadondoka lenyewe na kupasuka. Halikai. Ukichuma leo, siku tatu nne limeshaoza, ndio maana sokoni huyaoni kwa wingi kama ndimu, mabirimbi ni ya kupeana kwa jirani.

Asili yake ni Asia ya joto, wataalamu wa mimea wanaelekeza Indonesia, upande wa visiwa vya Maluku. Leo uko India ya kusini, Sri Lanka, Malesia, Ufilipino, Shelisheli, Unguja na Pemba, Mombasa, huku kwetu Tanga, na mwaka 1793 ulibebwa kutoka Timor mpaka Jamaica. Jina lake la kitaalamu ni Averrhoa bilimbi, na hilo la kwanza Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alilitoa kwa Ibn Rushd, yule mwanazuoni na tabibu wa Cordoba ambae Wazungu walimuita Averroes. Mimi hilo nalipenda sana, mti wa uani kwetu umebeba jina la tabibu wa Kiislamu wa karne ya 12.

Na kila ulikofika watu wamelijulia tunda hili kwa njia ile ile, chakula. Wafilipino wanaliita kamias wanalitia kwenye supu yao ya uchachu ya sinigang. Watu wa Aceh kule Indonesia wanalipiga chumvi na kulianika mpaka linakuwa jeusi jeusi, wanaita asam sunti, ndio kiungo cha michuzi yao. Watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, wanalipika na samaki. Sisi ni achari, ni mchuzi wa samaki, ni chukuchuku, ni kachumbari, na watoto wakitoka madrasa wanalichovya kwenye chumvi na pilipili ya unga wanakunja sura. Na tangu zamani masinia ya shaba na mabirika ya kahawa yalikuwa yanasuguliwa kwa birimbi, weusi wote unatoka, na kisu chenye kutu hivo hivo. Ukilala na mabirimbi kwenye sufuria ya alumini asubuhi utaona mwenyewe sufuria ilivyong'aa kwa ndani, ndio maana achari tunatia kwenye chupa ya kioo.

Ule ukali ndio wenyewe ninaoutaka tuuongelee. Watu wengi wanadhani uchachu wa birimbi ni sawa na wa ndimu, vitamini C tu basi. Vitamini C ipo, lakini kinachofanya birimbi liwe birimbi ni asidi ya oksaliki, na lina nyingi sana, hasa likiwa bichi kijani, yani lile lile ambalo yule mtu wa kwenye simu anasema ndio zuri zaidi. Na shida ya hii asidi sio kwamba itachubua tumbo kama sufuria, hapana, wengine wananijibu "mbona nimekunywa na tumbo halijauma". Tumbo linaweza lisiume kabisa. Shida inakuja baada ya kuingia kwenye damu. Huko inakutana na kalsiamu, zikishikana zinatengeneza vichembe vigumu visivyoyeyuka, na kazi ya kuvitoa mwilini inaangukia figo. Figo ndani ina mirija midogo mno ambayo mkojo unapita. Vichembe vikija vichache vinapita na mkojo. Vikija vingi kwa mpigo, vinakaa mle kama mchanga kwenye bomba, mirija inaziba na kuumia, na figo inaweza kusimama kazi ndani ya siku chache tu. Siku chache, sio miaka.

Haya sio maneno ya kutishana. Kerala, wenzetu ambao birimbi wanalijua kuliko sisi na wanaliita irumban puli, huko juisi yake ni dawa ya kienyeji ya siku nyingi. Mwaka 2013 madaktari wa figo wa huko waliandika kwenye jarida la figo la India habari za wagonjwa 10 kutoka hospitali 5 tofauti, wote figo zilisimama ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi. Kati ya hao 10, 7 ilibidi waingizwe kwenye mashine ya kusafisha damu, dayalisisi, na 3 walipata nafuu kwa matibabu bila mashine. Na madaktari walisema wazi kwamba juisi nzito iliyotengenezwa muda huo huo ndio yenye hatari, kwa sababu ina oksaliki nyingi mno. Sasa rudi usikilize tena ile sauti. Blendi bila maji. Kunywa hapo hapo. Tumbo tupu. Ni kama mtu alikaa akatafuta njia ambayo madaktari wa Kerala waliikataza.

Hilo la tumbo tupu naomba nilikazie. Ukila birimbi ndani ya chakula, sehemu ya ile asidi inashikana na kalsiamu iliyopo kwenye chakula huko huko tumboni na inatoka chooni, haifiki kwenye damu. Tumbo likiwa tupu hakuna cha kuizuia, inaingia nyingi kwa pamoja. Na mtu akiwa amekosa maji mwilini, kafunga, au ametoka kuharisha, au kashinda juani, mkojo unakuwa mchache na mzito na vile vichembe vinapata nafasi nzuri ya kukaa. Kwa hiyo kuna watu wanataka kufungulia na hii kitu mwezi wa Ramadhani, nimesikia kwa masikio yangu, jamani hapana, futari ina uji, ina tende, ina maji, kaeni na hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni nani anaeambiwa anywe. Wenye sukari na wenye presha. Hawa ndio hasa ambao figo zao ziko hatarini tayari, maana duniani kote magonjwa mawili yanayoongoza kuua figo taratibu ni hayo hayo, sukari na presha. Na figo ina tabia mbaya, haisemi. Mtu anaweza kuwa figo zimeshachoka sana na anatembea, anafanya kazi, anasali, hana habari, mpaka apimwe damu kipimo cha kriatinini, kile kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na mkojo uangaliwe kama una protini. Kwa hiyo unamchukua mtu ambae pengine figo zake zimebaki kidogo na hajui, unampa glasi ya oksaliki asubuhi tumbo tupu, wiki mbili. Hata mtu mzima wa afya hafai kunywa hivo, sembuse yeye.

Yule wa kwenye simu anasema pia kwamba wanasayansi wamethibitisha. Nilimtafuta kijana wetu mmoja anayesoma chuo anisaidie kutafuta onlaini hayo ya wanasayansi. Kweli kuna utafiti, ulifanyika Singapore na ulichapishwa mwaka 2000, ulionyesha sukari ilishuka. Lakini walitumia majani, sio matunda. Walitoa dawa kwenye majani kwa kutumia spiriti, wakapima kipimo maalumu, na waliopewa ni panya waliosababishiwa sukari maabara. Majani, panya, maabara. Kutoka hapo mpaka kumwambia bibi yangu wa Pongwe ablendi mabirimbi mabichi asubuhi ni safari ndefu sana na hakuna aliyeitembea. Utafiti kama ule ni wa kuheshimiwa, ndio unavyoanza, labda iko siku kitapatikana kitu cha maana kwenye yale majani, lakini siku hiyo dawa itakuja na kipimo na itakuja na watu waliojaribiwa na figo zao zikapimwa.

Kuna ndugu yake birimbi, lile tunda la pembe tano ambalo ukilikata linatoa nyota, Wazungu wanaliita karambola, siku hizi unaliona mahotelini wanapamba nalo sahani na juisi baa nyingine wanaliuza. Hilo ni tamu zaidi lakini kwa mgonjwa wa figo ni baya kupita kiasi. Mbali na oksaliki lina sumu nyingine inayopanda kwenye ubongo, watafiti wa Brazil wa chuo kikuu cha Sao Paulo waliitenga mwaka 2013 wakaipa jina karamboksini. Mtu mwenye figo nzima anaitoa kwa mkojo haimsumbui. Mwenye figo mbovu inabaki, anaanza kwikwi isiyokoma, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege na wengine wamekufa. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse hilo tunda hata kipande kimoja cha mapambo. Naliweka hapa kwa sababu watu wanayachanganya na wauzaji wengine wa juisi wanayachanganya makusudi kwenye glasi moja.

Najua nitajibiwa, mbona wazee wetu wamekula mabirimbi miaka yote na hawakuugua figo. Hili ni swali zuri na jibu lake ndio roho ya barua yangu. Wazee wetu hawakunywa glasi ya birimbi. Hakuna bibi wa Pwani aliyewahi kukaa asubuhi akakamua mabirimbi thelathini akameza mfululizo, hata ulimi usingemruhusu, maana kwa mkono na kwa meno huwezi kumaliza mawili. Ni blenda ndio imefanya iwezekane, na asali wanayoongeza ili lipite kooni. Wazee walikata mabirimbi manne matano kwenye sufuria ya mchuzi wa watu wanane. Achari walitia kijiko pembeni ya pilau.

Na hata hiyo achari angalieni inavyotengenezwa, kuna akili ndani yake. Mimi ndio kazi yangu kwa hiyo mnivumilie kidogo. Unachuma yale magumu ya kijani asubuhi umande ukishakauka, unayaosha na kuyafuta na kitambaa mpaka yawe makavu kabisa, ukiacha maji achari itaota ukungu. Unayakata kwa urefu vipande vinne, unatia chumvi ya kutosha, unayaacha usiku kucha kwenye bakuli la kioo au la udongo. Asubuhi utakuta yametoa maji mengi ya kijani kibichi makali ajabu, hayo tunamwaga, hatuyatumii, na ukali mwingi unaondoka nayo. Halafu unayatandaza kwenye ungo juani, juu unafunika na chandarua kizee kwa ajili ya inzi, unayageuza, mpaka yanywee na kuwa na mikunjo. Ndio unakaanga thomu na tangawizi, haradali, bizari, pilipili ya kusaga, siki na sukari kiasi, yanaingia humo, yanapoa, unajaza chupa. Kinachobaki ni kitu kidogo chenye ladha kubwa, unakila kwa ncha ya kijiko. Hii ndio namna ambayo watu wa Pwani walijifunza kuishi na huu mti, na watu wa Aceh na chumvi yao na jua lao walifika mahali hapo hapo bila sisi kujuana nao.

Kwa hiyo naomba sana mtu asisome barua hii akatoka na panga kwenda kukata mbirimbi wa nyumbani. Nasema hivi kwa sababu najua watu wetu, na mibirimbi tayari inakatwa kwa sababu nyingine, mtu akijenga fremu za duka au akitandaza pevingi uani kitu cha kwanza kung'olewa ni mbirimbi, wanasema unachafua, yakidondoka yanateleza. Mtaani kwetu imebaki michache sana ukilinganisha na nilivyokuwa mdogo. Mti hauna shida yoyote. Unapandwa kwa mbegu tu, unataka jua na udongo usiotuamisha maji, miaka mitatu mpaka mitano unaanza kuzaa, na ukikomaa unatoa matunda kwa mamia, utagawa mtaa mzima. Kula mchuzi wa birimbi, mimi nakula na watoto wangu wanakula. Ambae tayari ana ugonjwa wa figo, au aliwahi kupata mawe kwenye figo, huyo amuulize daktari wake kwanza hata hilo la kwenye mchuzi.

Mhariri, ninaomba mambo machache. Kwako wewe, ukurasa wa afya wa gazeti hili uwatafute madaktari wa figo, wa Muhimbili, wa Bombo hapa Tanga, waulizwe hili swali moja kwa moja wajibu kwa Kiswahili cha kawaida, maana mimi ni muuza achari na mtu akitaka kunipuuza atanipuuza. Redio za hapa mkoani pia, vile vipindi vya mchana vya tiba za asili, mtangazaji akipigiwa simu na mtu anasifia juisi ya birimbi amuulize ni glasi ngapi, na kwa nani, na figo zilipimwa wapi. Na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002, kazi yao ni hii, sasa hivi kuna watu wanauza juisi ya birimbi kwenye chupa za maji zilizotumika, wameandika kwa mkono "inashusha sukari", hakuna kipimo, hakuna onyo, hakuna jina la aliyetengeneza. Nimeziona stendi. Siwataji kwa sababu nadhani wengi wao hawajui wanachouza, na mtu asiyejua anatakiwa aambiwe kabla ya kukamatwa.

Waganga wetu wa tiba asili nawaheshimu, mama yangu mzazi alitibu watu kwa miti shamba na alikuwa hodari, lakini alikuwa anapima kwa kifuniko cha chupa na anakuuliza kwanza unaumwa nini kingine, una mimba, unatumia vidonge gani vya hospitali. Huyu wa kwenye simu hamuulizi mtu chochote. Na watu wakianza hii juisi wengi wanaacha vidonge vyao vya sukari na presha, wanasema wanapumzisha mwili, kwa hiyo hata isingekuwa na oksaliki bado ingewadhuru.

Mwisho, kwa aliyekwisha kunywa. Acha leo, usimalizie chupa iliyoko kwenye friji. Kama umekunywa kidogo na unajisikia vizuri, kunywa maji yako ya kawaida na ukipita hospitali omba wakupime kriatinini. Lakini ukiona mkojo umepungua au hautoki, kichefuchefu na kutapika kusikoisha, maumivu ya kiuno pande za mgongoni, uso au miguu inavimba, kwikwi isiyokata, au mtu anaongea maneno hayaeleweki, usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huo huo. Na ukifika mwambie daktari umekunywa juisi ya birimbi, glasi ngapi na tangu lini. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa, maana asipojua atahangaika na malaria na UTI huku figo zinaendelea kuziba, na kuwahi kujua ndio kunampa nafasi ya kuziokoa. Kama daktari au nesi ni mtu wa bara na birimbi halijui, chukua moja mfukoni umuonyeshe.

Ni mimi msomaji wako,
Muuza achari, Makorora, Tanga